Mpaka Siku ya Zofia

Mimi mkono wangu ni mwepesi. Sisemi hivyo kwa kujisifu wala kwa kutaka kuonewa huruma. Nasema kwa sababu bila kulijua hilo utadhani hii ni hadithi ya maua. Miaka ishirini na miwili nimechimba makaa chini ya mji wa Bytom, na huko chini kitu kikikaidi unakipiga mpaka kitii. Jiwe likigoma, nyundo. Behewa likikwama, teke. Taabu ni kwamba kila nilipopanda lifti kurudi juu, nilipanda na mkono uleule.

Maua yalikuwa ya mke wangu, Elfryda. Kila mchimbaji alikuwa na kipande chake cha bustani nyuma ya mgodi, vipande vimebanana ua kwa ua, kila kimoja na kibanda chake na bomba lake la maji. Chetu tulikigawana bila kuandikishana: viazi, kabichi na maua vyake, banda la njiwa langu. Pale vilipokutana ndipo ugomvi ulipokuwa ukizaliwa, kwa sababu Elfryda alipanda klematisi kwenye ukuta wa banda langu. Ni mmea wa kutambaa, una vijiti vyembamba kama waya, na ukichanua unafunika ukuta mzima kwa maua ya zambarau iliyokolea. Kipandikizi alipewa na mama yake asubuhi ya harusi yetu, kimeviringwa kwenye kitambaa kibichi, akaingia nacho kanisani ndani ya mkoba. Kwa miaka kumi na minne ule mmea ulipanda mpaka ukafika paani.

Njiwa niliyempenda kuliko wote alikuwa jike la kijivu, nikimwita Bibi Mkubwa. Elfryda aliwaambia watu kwamba nyumbani kwetu wako wake wawili na yeye ndiye mdogo. Watu walicheka, nami nilicheka, kwa kuwa lilikuwa kweli tupu.

Jumapili ya kwanza ya Septemba yalikuwa mashindano ya mwisho ya msimu. Njiwa waliachiliwa kilomita mia nne kutoka nyumbani, nami nilikaa bustanini tangu asubuhi na saa ya mashindano mapajani, shingo imekakamaa kwa kutazama juu. Bibi Mkubwa alikuja peke yake kutoka magharibi. Angani hapakuwa na mwingine. Lakini njiwa kufika si kushinda. Lazima aingie bandani, umshike, umvue pete ya mpira mguuni na kuitia ndani ya saa, saa ipige muhuri. Aliye nje ya banda, hata kama unamwona kwa macho, hajafika.

Bibi Mkubwa alitua juu ya klematisi. Alijikunja kati ya yale maua akaanza kujichokonoa manyoya. Nilipiga mluzi. Nilitikisa kopo la mahindi. Nilimbembeleza kwa maneno ambayo sijawahi kumwambia binadamu. Dakika kumi na moja alikaa pale, na katika dakika hizo nilisikia saa za wenzangu zikigonga bustani ya tatu, kisha ya tano, kisha pale karibu na lango.

Alipoingia sikumvua pete. Nilimvunja shingo, nikatoka na sepetu.

Elfryda alikuwa akimenya viazi mlangoni mwa kibanda. Aliponiona nimeliinua, alielewa ninakokwenda, akakimbia akajiweka kati yangu na ukuta, kisu kidogo cha viazi bado kimo mkononi. Hakukiinua. Alinyoosha tu mkono wa kulia mbele yake kama anayezuia mlango. Mpini ulimpata kwenye kifundo cha mkono. Ninachotaka ujue ni hiki: niliusikia mfupa, na baada ya kuusikia nikapiga tena mara nne, sasa kwenye mmea. Niliukata mmea mpaka usawa wa ardhi na maua yake yote, yeye akiwa amekaa chini ameukumbatia mkono wake.

Aliyempeleka hospitali ni jirani yetu Bonifacy, kwa pikipiki yake. Mimi nilibaki nikirundika matawi.

Kesho yake nilimkuta kwenye kituo cha basi, plasta mpaka kwenye kiwiko, anaelekea Racibórz kwa dada yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi na machozi. Vyote viwili navimudu. Hakunipa hata kimoja.

"Nitarudi siku ya Zofia," alisema. "Mmea ukiwa umeota, nitabaki. Usipoota, usinitafute."

Nikamwambia nitaumwagilia, nitauwekea samadi, nitaujengea hata kibanda.

"Hutaufanyia lolote. Usiuguse, Hubert. Hicho tu ndicho ninachokutaka."

Siku ya Zofia ni tarehe kumi na tano Mei. Kwetu kuna watakatifu watatu wa baridi wanaofuatana siku baada ya siku, Pankracy, Serwacy na Bonifacy, kisha anakuja Zofia na kufunga mlango. Baada yake hakuna tena sakitu, ule umande wa usiku unaoganda na kuua mimea, na kilichokuwa cha kuota kimeshaota au hakitaota. Miezi minane, basi, na kazi yangu kutofanya kitu. Nilidhani ameniachia nafuu.

Wiki ya tatu shemeji yangu Rajnold, kaka yake Elfryda, alinilipa sehemu ya deni la dada yake. Alikuwa mpasua miamba wa shifti ileile. Kwenye ukumbi wa kuogea nguo zetu zinaning'inia darini kwa minyororo, kila mtu na wake, na unaushusha ukishaoga. Nilikuwa na sabuni machoni aliponishika nywele kwa nyuma na kunigonga uso kwenye vigae. Watu mia moja uchi, wote ghafla wakawa na shughuli ya kujisugua migongo. Nilimpata kwa teke la goti, naye akanivunja mbavu mbili kwa kisigino. Alipochoka aliinama sikioni mwangu.

"Hiyo ni ya mkono wa kulia, shemeji. Wa kushoto nauachia akiba."

Kisha akauvuta mnyororo wangu mpaka darini, akaufunga kwa kufuli lake na kwenda na ufunguo. Nilitembea kurudi nyumbani nimevaa suruali ya shimoni iliyolowa, navuja damu puani, na wanawake kwenye foleni ya nyama walinipisha. Sikumshtaki. Nilijiambia nitamvunja taya majira ya kuchipua, baada ya Zofia, mambo yangu yakishatengemaa.

Baridi ya mwaka ule ilikuja siku ya mwisho ya Desemba na haikuondoka. Reli ziliganda, wanajeshi walichimbua treni za makaa kwa koleo, na theluji bustanini ilifika kwenye dirisha la banda. Njiwa tisa walikufa wamesimama. Kila nilipotoka shifti nilipita pale ukutani, nikasimama, nikatazama mahali palipokuwa pamefukiwa. Niliweka ahadi na theluji kama mwendawazimu: ukiuhifadhi, nitaacha vodka. Niliacha vodka. Halafu nilimpiga mtu kituo cha tramu kwa kunikanyaga, kwa hiyo sijui kama kuacha kulinifaa.

Mwezi Machi theluji ilipoyeyuka nilikuta pale kwenye kisiki rundo la majani makavu na chini yake majivu. Nyayo zilizogandia topeni kabla ya theluji zilitoka uani kwa Bonifacy. Mimi sikuwa nimetia mkono tangu Septemba, nilikuwa nikijizuia mpaka meno yananiuma, na mtu mwingine anamwaga majivu juu ya ndoa yangu. Niliruka ua. Bonifacy alikuwa anapaka rangi mizinga yake ya nyuki. Ni mtu mdogo, mgeni kwetu, alikuja kutoka Kielce kutafuta kazi mgodini, na sisi watu wa hapa hatujawahi kumsamehe kuzaliwa huko. Sikumuuliza swali. Ngumi ya kwanza ilimtoa meno mawili ya mbele na ya pili ikamwangusha juu ya kopo la rangi. Nilimkalia kifuani, na damu yake na rangi nyeupe vikachanganyika kwenye masharubu.

"Mkeo ndiye aliyeniomba," alisema alipopata pumzi. "Aliniandikia. Kabla baridi haijauma, tia majivu na majani makavu, akasema, maana Hubert nimemkataza kugusa na atatii."

Nilimnyanyua. Niliokota meno yake na kumpa mkononi, nikasimama pale kama mpumbavu, kwa sababu neno moja tu ndilo lililobaki likinizunguka kichwani. Atatii. Alikuwa amemwandikia mtu wa Kielce kwamba mimi nitatii.

Bonifacy hakwenda polisi. Alichonitaka ni nimsaidie kumalizia mizinga yake, nikaimaliza.

Aprili ikaja na kila kitu kikaamka isipokuwa kile. Matawi ya waridi yaliyofungiwa majani ya kuzuia baridi yalifunguliwa yakiwa mabichi ndani. Klematisi ya Bonifacy, ambayo kwanza ni mjukuu wa ile yetu, ilifika magotini. Ukutani kwangu palikuwa na visiki vitano vya kijivu, vikavu, gome linachunika lenyewe. Nilijifunza kulala kifudifudi na kutazama udongo kwa usawa wa jicho bila kugusa. Wenzangu walipita wakasimama uani. Mmoja aliniuliza kama nasikiliza treni. Mwingine alinishauri nimwite padri, ama wa ubatizo ama wa mazishi, ila niamue mapema kwa sababu padri ana kazi nyingi. Nilimtupia ndoo akaumia sikio.

Pankracy alileta sakitu. Serwacy alileta sakitu. Siku ya tatu ni ya Bonifacy mwenyewe, na watu wa Kielce husherehekea siku ya mtakatifu wao kuliko siku waliyozaliwa, jambo ambalo sisi tunaliona la ajabu lakini vodka yake tunainywa. Baada ya shifti alitandika meza bustanini kwake, soseji, matango ya chumvi, keki ya mkewe. Alinialika mimi. Alimwalika na Rajnold pia, kwa moyo mwema, akidhani watu wanaweza kupatana kwa soseji.

Nilikaa mwisho wa meza, ukuta wangu nauona vizuri kupitia waya wa ua. Hakuna kitu. Nilijimiminia glasi ya kwanza tangu Januari, kisha nyingine.

Bonifacy alikuja akaketi karibu nami. "Jirani, wa kwangu uko juani kutwa," alisema, upepo unampita penye mapengo. "Wako uko kivulini mwa banda, na ulikatwa chini. Kesho bado haijafika. Kaa hapa, kula."

Nilikuwa nimeanza kula. Ndipo Rajnold akainua glasi kutoka upande wa pili.

"Tumnywee shemeji, kesho anafiwa. Dada nimemwambia asijisumbue kubeba kitu. Aje na begi tupu, akusanye nguo zake zilizobaki, jioni awe amerudi Racibórz. Huko kuna mwanamume mpole, fundi wa saa. Mikono yake midogo midogo."

Nilipindua meza. Nilimpiga kwa kile kilichokuwa mkononi, chupa, juu ya nyusi, naye akaniingia na uma wa soseji begani. Tulianguka juu ya mizinga niliyoipaka rangi mwenyewe. Nyuki walitoka. Aliniuma mkono, nikamgonga kichwa kwenye jiwe la njia mara mbili, na ningemgonga ya tatu kama Bonifacy hakuning'ang'ania shingoni kutoka nyuma, anaumwa na nyuki wake mwenyewe, analia, anasema yatosha, yatosha, leo ni siku yangu.

Rajnold waliondoka naye amebebwa. Aliishi, usiwe na shaka, jicho moja haoni vizuri.

Mimi niliruka ua kurudi kwangu. Damu ilikuwa imeniziba jicho la kushoto, uso umefura kwa nyuki, na ndani ya kichwa kulikuwa na mtu mmoja, fundi wa saa. Nikasimama mbele ya vile visiki. Kwa nini nisubiri mpaka kesho niambiwe na mwanamke jambo ambalo naweza kujiambia leo? Mchimbaji akitaka kujua kilicho chini haketi akangoja kije chenyewe. Anafungua. Maisha yangu yote nimefungua. Kama mizizi imeoza nitajua, nitakwenda kulala, asubuhi nitaoga na kumkabidhi nguo zake zimekunjwa, mtu mzima. Hivyo ndivyo nilivyojieleza. Nilichukua sepetu lilelile, nikaliweka kando ya kisiki cha kati, nikalikanyaga kwa uzito wangu wote.

Lilitoa mlio ninaoujua kutoka jikoni, ule wa kukata kabichi changa.

Nilipoinua udongo niliyaona. Machipukizi meupe, manono, unene wa penseli, ncha zake zimeshaanza rangi ya zambarau. Mengi. Yalikuwa yametoka chini kabisa, mbali na visiki, yanapanda kimya kimya gizani, na juu yake palikuwa pamebaki udongo wa unene wa kidole kimoja. Sepetu lilikuwa limepita katikati yake. Nilianguka magoti nikaanza kuchimba kwa mikono kuyatafuta yaliyopona, na kwa kuyatafuta nikayavunja yaliyobaki, kwa maana yanavunjika hata kwa kuguswa na kucha.

Niliyarudisha ardhini moja moja. Niliyasimamisha kama mtu anayepanda vitunguu. Nikafukia, nikasawazisha, nikatandaza majani makavu ya Bonifacy juu yake, nikakaa hapo mpaka sakitu ya tatu iliponishukia mabegani.

Elfryda alikuja na basi la saa nne asubuhi. Alikuwa amevaa koti la kijani nisilolijua, na mkono wake wa kulia ulikuwa umeunga upande, kama tawi lililokuta ukuta. Alinitazama uso. Alipita akaenda moja kwa moja ukutani.

"Haukuota," nikamwambia mgongo wake.

Alipiga magoti, akaondoa majani kwa mkono wa kushoto, akaweka kiganja juu ya udongo. Udongo uliolala majira mazima ya baridi ni mgumu, huu ulididimia. Alichomeka vidole viwili akatoa chipukizi, akaligeuza, akatazama lilipokatwa.

"Jana?"

"Jana. Nilitaka kuona tu. Nilitaka kujua kama—"

"Najua ulichotaka."

Alililaza chipukizi kiganjani mwake. Aliponena sauti yake ilikuwa ya kawaida, ya mtu anayezungumza juu ya viazi.

"Wiki saba mkono wangu ulikaa kwenye plasta. Ulikuwa unawasha, unauma, siuoni. Kila siku nilitamani niipasue nione kama mfupa unaunga au unaoza. Nikauacha."

Kisha alinyanyuka akaniomba sepetu. Nilimpa. Alichimba kwa mkono mmoja na mguu, taratibu, akazunguka mbali na shina mpaka fundo la mizizi likatoka na donge lake la udongo. Alivua kitambaa kichwani, akakilowesha bombani, akaliviringa. Ndipo nilipotazama langoni kwa mara ya kwanza, nikaona alichokiacha pale alipoingia. Halikuwa begi tupu. Lilikuwa sanduku letu la harusi, limejaa mpaka halifungi, limekazwa kwa kamba, na juu ya kamba amechomeka mto wake wa kulalia.

Alikuwa amekuja kukaa.

Alipopita kuelekea langoni nilimshika. Sikufikiri. Nilimshika palepale, kwenye kifundo kilekile, nikahisi chini ya vidole vyangu ule mfupa uliounga upande. Hakujivuta. Bonifacy alikuwa ameshaanza kupanda ua, uso umevimba kwa nyuki, mikono mitupu, na nilijua kwamba nikitaka ninaweza kumuua yule mtu mdogo. Elfryda alitazama mkono wangu, kisha akanitazama mimi, na machoni mwake sikuona hata hofu. Niliona mtu aliyepata jibu. Nikafungua vidole kimoja kimoja. Bonifacy alimbebea sanduku mpaka kituoni.

Nasikia Racibórz ule mmea uliota na umefunika ukuta wa dada yake. Fundi wa saa hakuwepo. Rajnold alimbuni pale mezani. Taya lake nililoahidi sijalivunja.

Mwezi Julai mwaka uleule, ndani ya shimo ambalo sikulifukia, kilitoka kichipukizi kimoja. Kipande cha mzizi kilikuwa kimebaki. Sikukimwagilia, sikukiwekea kijiti. Kilitafuta ukuta chenyewe. Sasa ni mwaka wa tatu na umefika juu ya mlango wa banda, na maua yake ni yaleyale. Sijamwandikia. Alichotaka kuniambia alishaniambia kituoni, siku ile ya kwanza, kwa neno moja: usiuguse.

Njiwa wangu wakirudi kutoka mashindanoni wanatua pale. Kila mwaka. Wanajikunja kati ya maua na kujichokonoa, na ng'ambo ya ua nasikia saa za wenzangu zikigonga. Mimi ninakaa juu ya ndoo, saa mapajani, mikono nimeikalia chini ya mapaja mpaka inakufa ganzi, nangoja washuke.